Namna ya Kuchunguza Hadithi ya Mzimu wa Bweni au Jengo la Kale, Arusha na Moshi

Vyuo vikongwe vya Arusha na Moshi havikosi chumba ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa asilale peke yake. Majengo ya enzi za Wajerumani nayo yana mzungu wao anayepanda ngazi usiku kwa buti. Hadithi hizi zinastahili kukusanywa kwa uangalifu, kwa sababu baadhi zimebeba misiba ya kweli, na ukizikusanya ovyo unaufukia msiba huo mara ya pili.

Anza na shahidi. Ukiambiwa "kuna dada mmoja wa hosteli ya juu alimwona", uliza nani alikusimulia, kisha umfuate huyo, na aliyemsimulia yeye. Mnyororo ukiishia hewani, iandike kama hadithi ya kupokezana na usiipime kama tukio. Watu wa kutafutwa mapema ni walinzi wa zamu ya usiku, matroni, wapishi wanaowahi alfajiri na mafundi waliowahi kupanda darini. Wanafunzi hukaa miaka mitatu wakaondoka, hawa hubaki.

Mkubwa mwamkie, kaa, mwache amalize chai. Usifungue na "Mzee, umewahi kuona mzimu?" maana umeshampa jibu. Uliza, "Mzee, zamu ya usiku hapa ikoje?" Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, mwache asimulie mpaka mwisho bila kumkatiza, ndipo urudi kwenye vipengele: alisimama wapi, aliangalia upande gani, umeme ulikuwepo, mbalamwezi ilikuwepo, mvua ilinyesha, alikuwa amelala kwa muda gani tangu jana yake. Saa iandike kama alivyoitamka, "saa nane usiku", na pembeni uweke saa ya simu, 02:00. Wengi huchanganya hapo, na tukio la saa mbili usiku linageuka kuwa la usiku wa manane.

Ukifika nyumbani gawa ukurasa kwa mstari. Kushoto andika alichoona, alichosikia au alichohisi, kwa maneno yake. Kulia andika maelezo aliyoyaongeza yeye au watu wengine. "Nilisikia mtoto analia juu ya paa" inakaa kushoto. "Ni mtoto aliyezikwa nyuma ya bweni" inakaa kulia. Utakachopima kwanza ni upande wa kushoto tu.

Sauti ndiyo ushahidi unaoongoza, kwa hiyo itengee muda wa kutosha. Kilio cha mtoto mchanga kwenye miti mara nyingi ni kazi ya komba, anayeishi hata katikati ya mji penye miti mikubwa. Mulika tochi ukiwa umeishikilia usawa wa macho yako. Macho yake hurudisha mwanga mwekundu wa rangi ya chungwa. Vyuo vilivyo karibu na msitu, kama Mweka, vina perere, mnyama mdogo wa mitini. Dume lake huanza kwa mlio kama mlango wenye kutu, kisha hupandisha hadi mayowe ya mtu anayechinjwa. Asiyemjua hawezi kuamini kwamba mnyama mdogo kiasi hicho ana sauti ile. Mkoromo wa saa nzima ndani ya dari mara nyingi ni makinda ya bundi mweupe. Tafuta chini ya tundu vidonge vya manyoya na mifupa ya panya ambavyo bundi hutapika. Usiruhusu wamuue kwa sababu ya imani ya mkosi, anawapunguzia panya.

Vishindo vya paa vina hesabu yake. Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 30 hujikunja karibu milimita 1. Misumari inalishikilia, linavuta, kisha linaachia kwa kishindo. Vishindo vya namna hiyo hujazana jioni jua linapozama, na hupungua usiku wa mawingu kwa kuwa paa linapoa polepole. Basi sikiliza usiku mmoja wa anga tupu na mwingine wa mawingu, uandike saa ya kila kishindo. Kishindo cha saa tisa usiku mabati yakiwa yameshapoa zamani, usikibandike kwa mabati. Rudi kwa komba. Mabomba nayo huguna maji yanaporudi baada ya mgao, hewa ikisukumwa mbele, kwa hiyo muulize msimamizi ratiba ya maji kabla ya kuuliza jambo lingine. Na wakati mwingine chanzo kiko mbali kabisa: Julai 2007 matetemeko ya upande wa Ziwa Natron, karibu na Ol Doinyo Lengai, yalitikisa vitanda na vyombo hadi Arusha mjini.

Aliyekandamizwa kifuani, akaona mtu mlangoni na akashindwa kupiga kelele, alipatwa na jinamizi. Akili imeamka, misuli bado iko kwenye ndoto. Huwapata zaidi waliolala chali na waliokesha, ndiyo maana hadithi hizi hufurika majira ya mitihani.

Kuna jambo moja la kuuliza siku hiyohiyo: je, chumbani kulikuwa na jiko la mkaa? Juni na Julai wengi huliingiza ndani kuota moto. Mkaa hutoa monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huleta kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata kuona au kusikia visivyopo. Mwaka 1921 jarida la madaktari wa macho la Marekani lilieleza familia iliyosikia hatua za miguu na kuona watu wageni ndani ya nyumba. Chanzo kilikuwa tanuru bovu la kupashia nyumba joto. Wakazi wa chumba kimoja wakiugua pamoja na kupata nafuu wakitoka nje, watoe wote, toa jiko, fungua madirisha, wapeleke hospitali. Uchunguzi wa mzimu utangoja.

Wasichana wakianza kuanguka na kupiga kelele darasa zima, zima rekoda uondoke. Usihoji kundi, usiwachezee sauti za wenzao. Huko Kashasha, Bukoba, tarehe 30 Januari 1962, kicheko na kilio vilianza kwa wasichana watatu wa bweni na kuwafikia 95 kati ya 159. Hali ya namna hiyo huenea kwa kuonana na kusikiana, na kamera yako inaichochea.

Sasa ndipo uguse upande wa kulia wa ukurasa, kwa tarehe. Boma la Arusha, lililo makumbusho leo, lilikamilika mwaka 1900. Utawala wa Wajerumani katika miji hii ulikoma mwaka 1916. Chuo cha Ushirika Moshi kilianza mwaka 1963. Kwa hiyo ofisa wa Kijerumani aliyejinyonga ndani ya bweni la miaka ya sitini anaanguka kwenye hesabu hiyo peke yake, labda bweni liwe limejengwa juu ya kitu cha zamani zaidi. Hilo ulipime kwa ramani na mafaili ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinazohifadhi majalada ya Wajerumani.

Hapa ndipo panapouma. Hadithi za majengo haya humpa mzungu mzimu, na mara nyingi humsahau aliyeuawa. Tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, pamoja na viongozi wengine 18, wakiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha. Inaaminika kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta kwa miongo mingi. Mwaka 2023 vipimo vya DNA vilihusisha mafuvu matatu yaliyohifadhiwa Berlin na koo zilizo hai Tanzania. Ukisimuliwa mzimu usio na kichwa uchagani, usiharakishe kuugeuza kiburudisho, wala usiubandike jina la Meli bila ushahidi. Nenda kwanza kwa wazee wa ukoo, uulize wangependa lisemwe nini na nini kibaki kwao.

Kabla ya kuchapisha, futa namba ya chumba na jina la shahidi asiyetaka kutajwa. Futa pia sentensi yoyote inayomtaja jirani au mfanyakazi kuwa mchawi: Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inalifanya hilo kuwa kosa, na bibi kizee anaweza kupigwa kwa ajili ya aya yako. Sauti iliyobaki bila maelezo baada ya vipimo vyote, iandike hivyo hivyo, pamoja na tarehe, saa, hali ya hewa na mahali ulipokaa, ili mwingine akae palepale asikilize.