Jinsi ya Kupinga Faini ya Njia ya Mabasi Uingereza

Faini ya kuingia njia ya mabasi haikupi nafasi ya kujieleza barabarani. Kamera inakunasa, wewe unaendelea na safari zako, na siku kadhaa baadaye posta inaleta bahasha yenye picha ya mgongo wa gari lako na kichwa cha habari Penalty Charge Notice. Barabara zinazosimamiwa na Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hilo, faini ni pauni 160, nusu yake ukiwahi kulipa. England nje ya London kawaida ni pauni 70, au 35 kwa anayewahi. Pointi kwenye leseni hupati, na ndiyo maana wengi hulipa nusu yaishe. Kama kweli ulikata njia kukwepa foleni, lipa. Mwongozo huu ni kwa mwenye hoja, na unahusu England. Scotland wana utaratibu wao.

Usilipe kwanza. Ukilipa umekubali kosa na jalada limefungwa, hata kama ulikuwa na ushahidi wa kutosha. Hakuna "nalipa halafu nalalamika". Faini hizi huja kwa posta, kwa hiyo ujumbe wa simu unaokuambia ubonyeze mahali fulani ulipe faini leo leo, futa.

Soma tarehe kabla ya kusoma maneno mengine. Ya kwanza ni siku ya kosa, ya pili ni siku barua ilipotolewa. Kwa kawaida barua inatakiwa kutoka ndani ya siku 28 tangu kosa. Ikichelewa bila sababu ya msingi, kama vile kusubiri taarifa za mwenye gari kutoka DVLA (idara ya usajili wa magari), hiyo peke yake ni hoja. Tarehe nyingine ni ya mwisho wa punguzo: kuna barua zinazotoa siku 14, nyingine 21. Pingamizi lenyewe lina siku 28. London kuna barua zinazopitia hatua ya ziada iitwayo Enforcement Notice, na pingamizi rasmi linapokelewa hapo, kwa hiyo geuza ukurasa usome na maandishi madogo ya nyuma.

Tazama video. Hapa ndipo kesi nyingi zinaposhindwa au kushinda, na ndipo watu wanapovuka haraka. Kwenye barua kuna namba ya kumbukumbu. Ingia nayo kwenye tovuti ya waliokutoza, weka na namba ya gari, utaona picha na mara nyingi video. Usiitazame mara moja kwa hasira. Sitisha, rudisha, tazama tena. Saa iliyoandikwa pembeni inasemaje? Alama ikiwa 7-10am na 4-7pm, ina maana saa 1 hadi saa 4 asubuhi na saa 10 hadi saa 1 jioni. Nje ya hapo njia ni ya wote. Sikukuu haikuokoi isipokuwa alama imesema hivyo. Matairi yalivuka mstari mweupe mnene, au yaliukanyaga tu? Uliingia mita chache ukiwa umewasha indiketa ya kushoto kwenda kukata kona? Kuna gari limeharibika mbele yako au mafundi wamefunga njia yako? Je, namba ni yako kweli, au kamera imesoma O kama D?

Kisha rudi mahali penyewe, au tumia picha za barabara za mtandaoni, uone alama ya bluu yenye basi jeupe. Imefunikwa na matawi? Imegeukia ukutani? Maandishi chini yamefutika? Piga picha ukiwa upande anaotokea dereva, kwa sababu alama inayosomeka vizuri kutoka kibarazani inaweza isionekane kabisa ukiwa nyuma ya usukani.

Chagua hoja. Fomu ina orodha ya sababu: kosa halikutokea, gari halikuwa lako siku hiyo, liliibiwa, lilikuwa limekodishwa, kiasi kimezidi, utaratibu haukufuatwa. Chagua inayofanana na ushahidi wako, siyo inayokupendeza. Kumpisha ambulansi huonekana sababu isiyo na ubishi, lakini ving'ora vya nyuma havikupi ruhusa ya kisheria kuingia njia ya mabasi. Hiyo unaiomba kama sababu ya kuhurumiwa, na video ikionyesha ambulansi ikipita unasikilizwa. Hali ya mfuko haibadilishi kitu.

Madereva wa teksi za mtandaoni ndio wanaoumia zaidi. Alama ikisema "taxi" inamaanisha teksi rasmi, zile nyeusi za London na wenzao wenye leseni ya kuokota abiria barabarani. Wewe mwenye leseni ya minicab, yaani teksi ya kuagizwa, London humo ndani umeruhusiwa tu kusimama kushusha au kupakia abiria pale kusimama kunaporuhusiwa. Watu wameshalalamika kuwa huo ni upendeleo kwa teksi nyeusi, na mwaka 2015 mahakama ya Ulaya ilikataa hoja hiyo. Usiirudie. Leta badala yake rekodi ya programu yako inayoonyesha abiria alishuka hapo na dakika ile.

Andika kwa ufupi. Kwa Kiingereza rahisi: namba ya barua, namba ya gari, kilichotokea, na unachoambatanisha. Sentensi moja kama "picha namba 2 inaonyesha alama imefunikwa na tawi" ina nguvu kuliko kurasa tatu za lawama. Tuma mtandaoni, hifadhi uthibitisho.

Jibu likiwa hapana, litakuja na maelekezo ya rufaa, na hapo unapewa siku nyingine 28. Rufaa za London zinasikilizwa na London Tribunals. Kwingine England ni Traffic Penalty Tribunal. Ni bure, huhitaji wakili, na unaweza kusikilizwa kwa simu, kwa video au kwa maandishi tu. Unachohatarisha ni punguzo: ukishindwa unalipa kiasi kamili. Hilo tu ndilo la kupima.

Ukinyamaza faini inapanda kwa nusu ya kiasi chake, barua inaitwa Charge Certificate. Baadaye deni husajiliwa kwenye kituo cha mahakama mjini Northampton na madalali wa mahakama wanaweza kugonga mlango. Kama hukupata barua ya kwanza kabisa, jaza fomu ya tamko inayokuja na amri ya malipo na ueleze hivyo. Ukidanganya kwenye fomu hiyo unaweza kuadhibiwa na mahakama. Wanaofikia hapa mara nyingi walihama nyumba na kuacha kadi ya gari, ile V5C, na anwani ya zamani. Kubadili anwani DVLA hakulipiwi, na kutobadili kunaweza kukupiga faini ya hadi pauni 1,000.