Pipeti ya ujazo mmoja: kuitumia na kuitunza katika hewa ya chumvi

Pipeti ni kifaa cha maabara cha kuvuta na kumimina kiasi kidogo cha kimiminika, na ile ya ujazo mmoja haina namba ya kugeuza. Ikiandikwa mikrolita 10 (mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita) ni 10 hiyo hiyo leo na kesho, na kwa kuwa hakuna namba ya kukosea, mtu huizoea akaiamini kupita kiasi, akasahau kwamba ndani yake mna springi, pistoni na pete ya mpira, na kwamba katika maabara ndogo kama zetu hapa Malindi vitu hivyo vinavuta hewa ya bahari mchana na usiku.

Asili yake ni Ujerumani, katika mji wa Marburg, ambako mwaka 1957 daktari Heinrich Schnitger, aliyechoshwa na kazi ya kuvuta vimiminika kwa mdomo kwenye mirija ya kioo, alijitengenezea pipeti yenye pistoni na springi. Ufanyaji kazi wake haujabadilika sana tangu hapo. Ukibonyeza kitufe, pistoni husukuma nje hewa ya kiasi maalumu. Ukikiachia, pistoni hupanda na kimiminika huvutwa ndani ya ncha ya plastiki. Kimiminika chenyewe hakipaswi kuigusa pistoni kamwe, kwani kati yao mna hewa tu, na chochote kinachoibadilisha hewa hiyo, kama joto la kiganja, ncha isiyokaza au mpira uliochakaa, hubadilisha na kipimo.

Anza kwa kuvalisha ncha mpya inayolingana na pipeti. Kuosha ncha zilizotumika ili zitumike tena ni uchumi wa kujidanganya, kwa sababu hubaki na mabaki ya sampuli ya mtu mwingine na mdomo wake hulegea. Bonyeza kitufe hadi kituo cha kwanza, pale kidole kinapohisi ugumu, kabla ncha haijaingia kwenye kimiminika. Izamishe ikiwa wima, milimita 2 au 3 kwa pipeti ndogo, uachie kitufe polepole, usubiri kama sekunde moja, ndipo uitoe. Ukikiachia kwa pupa, kimiminika huruka hadi ndani ya pipeti au hubeba viputo. Wakati wa kumimina, egemeza ncha kwenye ukuta wa mrija, ubonyeze hadi kituo cha kwanza, kisha hadi cha pili ili tone la mwisho litoke, na uiondoe ncha huku kidole kikiwa bado kimebonyeza. Kosa ninaloliona zaidi kwa wanafunzi ni kuvuta kutoka kituo cha pili, na matokeo yake ni sampuli iliyozidi.

Ni vyema kuilowesha ncha kwanza kwa kuvuta na kumwaga kimiminika hicho mara mbili au tatu kabla ya kipimo chenyewe. Damu nzima huhitaji uangalifu zaidi kwa kuwa ni nzito. Unapochanganya mikrolita 20 za damu na mikrolita 380 za maji ya kuhesabia chembe nyeupe, futa damu iliyonata nje ya ncha bila kugusa tundu lake, kisha suuza ncha ndani ya mchanganyiko huo mara kadhaa, kwa sababu damu inayobaki ukutani ni sehemu ya kipimo. Kitendanishi, yaani dawa inayochanganywa na sampuli ili kuipima, kilichotoka kwenye friji kiache kifikie joto la chumba, na pipeti usiikumbatie mkononi wakati huitumii.

Sasa nieleze kwa nini ninasisitiza habari ya chumvi. Msimu mmoja wa kaskazi, majibu ya sukari katika maabara niliyokuwa nikifanyia kazi yalianza kushuka kidogo kidogo, na nadhani wagonjwa kadhaa wa kisukari walipongezwa bure. Nilikishuku kitendanishi, nikaishuku na mashine, hata seramu ya udhibiti, ile ya kukagulia kipimo ambayo jibu lake linajulikana, ilipotoka chini ya mpaka wake siku mbili mfululizo. Nikaijaza maji pipeti ya mikrolita 10, nikaishika wima. Sijafika kumi kuhesabu, mstari wa maji ulikuwa umeteremka na tone limetuna mdomoni mwa ncha. Nilipoifungua nikakuta springi ina duara la kutu, na pete ya mpira ina ufa mwembamba kama unywele. Pipeti hiyo ikitoa mikrolita 9 badala ya 10, sukari ya 5.0 husomeka kama 4.5. Lau sampuli ya kiwango, ile yenye sukari ya kiasi kinachojulikana ambayo mashine huitumia kukokotoa majibu, ingepimwa upya kila siku kwa pipeti hiyo hiyo, kosa lingejificha. Kilichotufichulia kosa ni kwamba mashine ilikuwa imehifadhi hesabu ya zamani, ya tangu pipeti ilipokuwa nzima.

Kwa hiyo kipimo hicho cha tone kifanyike kila wiki, kwa sekunde 20. Nje ya pipeti pafutwe kila siku kwa spiriti ya asilimia 70. Ikiguswa na dawa ya klorini, ifutwe kwa maji safi na kukaushwa, kwani klorini hula chuma. Ining'inizwe wima kwenye kishikio, mbali na dirisha linalopigwa na upepo wa pwani, na isilazwe hata dakika moja ikiwa na kimiminika. Ukiifungua, usichanganye springi au pistoni za pipeti mbili, maana urefu wa mwendo wa kila moja ndio ujazo wake. Grisi itiwe nyembamba sana, na pale tu mtengenezaji aliporuhusu.

Pipeti ya mikrolita 1000 unaweza kuikagua kwa mizani. Pima maji safi mara kumi, utafute wastani. Usitarajie gramu 1 kamili, kwa kuwa maji ya nyuzi 30 huwa mepesi zaidi, na mikrolita 1000 zake husomeka takriban gramu 0.995. Kiwango cha kimataifa cha pipeti, ISO 8655, kinaruhusu kosa la mikrolita 8 juu au chini. Zile za 10 na 20 zahitaji mizani nyeti kuliko tuliyo nayo wengi wetu, hivyo zipelekwe kwa fundi walau mara moja kwa mwaka. Itakayoshindwa iondolewe mezani siku hiyo hiyo na kufungwa utepe mwekundu, isije ikakutwa na mwenzako wa zamu ya usiku ikiwa imening'inia mahali pake.