Ukurasa Mmoja Ubebe Matangazo Mangapi? Anza kwa Kupima Urefu Wake

Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili za Eastlands, Nairobi, kwa miaka kumi na minne. Shule zilipofungwa Machi 2020, nilianza kuweka maelezo yangu ya darasani kwenye tovuti: ngeli, vinyume, isimujamii, mifano ya insha. Wanafunzi walipozidi kuingia niliweka matangazo, ili tovuti ijilipie gharama zake na nami nisitoe mfukoni kila mwaka. Walimu wenzangu wenye tovuti huniuliza, niweke mangapi? Nami huwauliza kwanza: ukurasa wako una urefu gani kwenye simu?

Hilo nilijifunzia langoni pa ploti yetu, Umoja. Jioni moja nilikuwa nanunua sukuma kwa mama mboga, binti wa jirani, wa kidato cha pili, akanijia na simu ya mamake. "Mwalimu, ile ngeli ya U-I imekataa."

Haikuwa imekataa. Nilisimama kando yake nikatazama. Kichwa cha somo kikatokea, akaanza kusoma sentensi ya kwanza, kisha tangazo likashuka kutoka juu na kuisukuma ile sentensi nje ya skrini. Akaifuata kwa kidole gumba. Tangazo la pili likaibuka pale pale kidole kilipokuwa, akalibonyeza bila kukusudia, simu ikampeleka kwenye ukurasa wa kamari. Akarudi nyuma, ukurasa ukaanza kupakia upya. Kabla hajafika kwenye jedwali la mti–miti, mkono–mikono, bando lake la shilingi 20 likakata. Jedwali lenyewe lina mistari minane. Mimi ndiye niliyelizungushia matangazo sita.

Usiku ule niliyaondoa yote, nikaanza upya kwa kupima.

Kupima hakuhitaji utaalamu. Fungua ukurasa wako kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, kisha chagua mwonekano wa simu wenye upana wa pikseli 360. Peleka kishale juu ya sehemu ya makala kwenye kile kidirisha cha msimbo na utaona upana na urefu wake. Pima kuanzia kichwa cha makala hadi sentensi ya mwisho. Usihesabu menyu ya juu, orodha ya "soma pia", wala maandishi ya chini kabisa. Halafu jumlisha urefu wa matangazo yote yaliyo ndani ya sehemu hiyo, ugawe kwa urefu wa sehemu hiyo.

Jibu likizidi asilimia 30, umevuka mpaka. Kiwango hicho kimewekwa na Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni za matangazo na mtandao, kwa kurasa za simu, na Chrome hukifuata: ilianza kuzuia matangazo kwenye tovuti zinazokiuka viwango hivyo tarehe 15 Februari 2018 huko Marekani, Kanada na Ulaya, kisha Julai 2019 ikaeneza hatua hiyo duniani kote, sisi tukiwemo. Tovuti ikikaidi, Chrome inaweza kuzuia matangazo yake yote, hata yale mazuri.

Sasa tazama hesabu inavyogeuka kulingana na ukurasa. Tangazo la mstatili linalotumika sana kwenye simu ni la 300 kwa 250, yaani urefu wake ni pikseli 250. Ukurasa wangu wa ngeli ya U-I una urefu wa kama pikseli 1,400. Tangazo moja ni asilimia 18. Mawili ni asilimia 36, tayari umekosa. Ukurasa wa insha ya mjadala una pikseli 6,000, na matangazo manne hapo ni asilimia 17 tu. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka matatu kila ukurasa", jua hajaona kurasa zako. AdSense yenyewe, ule mfumo wa Google unaoweka matangazo kwenye tovuti zetu na kutulipa, ilikuwa na kanuni ya namna hiyo, matangazo matatu kwa ukurasa, ikaiondoa mwaka 2016. Inachodai sasa ni kwamba matangazo yasizidi yaliyomo.

Asilimia 30 naichukulia kama ukuta, na sioni sababu ya kuegemea ukuta. Mimi husimama kati ya 15 na 20. Skrini ya simu nyingi za wanafunzi wangu huonyesha kama pikseli 640 kwa wakati mmoja, kwa hivyo tangazo moja kama hilo huchukua karibu asilimia 40 ya urefu wa kile ambacho mtoto anaona. Mawili yakiwa karibu karibu, maandishi yenyewe hubaki kama kamba nyembamba katikati. Ndiyo maana nimejiwekea sharti jingine: kati ya tangazo na tangazo kuwe na angalau skrini mbili nzima za maandishi. Sharti hili hupunguza idadi hata pale asilimia inaporuhusu.

Ukishajua ukurasa unaweza kubeba mangapi, usiyaweke yote kwa mpigo. Weka moja, uliache wiki mbili. Ongeza la pili, usubiri wiki mbili nyingine. Wiki mbili kwa sababu tovuti ya shule ina mawimbi yake: Jumapili jioni watu ni wengi, Ijumaa hakuna mtu, na wakati wa likizo ni ukimya mtupu. Ukilinganisha wiki ya mitihani na wiki ya likizo utajidanganya.

Hapa wengi hukosea kwa kutazama kipimo kimoja tu, mapato kwa kila kurasa elfu moja zilizofunguliwa. Kipimo hicho karibu kila mara hupanda ukiongeza tangazo, nawe unashangilia. Tafuta pia kila mgeni anafungua kurasa ngapi kabla ya kuondoka, kisha uzidishe. Tuchukue mfano. Ukiwa na tangazo moja unapata senti 70 za dola kwa kila kurasa elfu, na kila mgeni anafungua kurasa mbili. Wageni elfu moja wamekuletea dola 1.40. Ukaongeza matangazo mawili, kila kurasa elfu zikaleta senti 90, lakini wageni wamechoka, kila mmoja anafungua ukurasa 1.3 kwa wastani. Wageni elfu moja sasa wanakuletea dola 1.17. Kipimo cha kwanza kimepanda na mfuko umepungua. Tangazo ambalo halijaongeza mapato kwa kila mgeni huliondoa siku hiyo hiyo.

Najua kishawishi kinatoka wapi. AdSense hailipi hadi ufikishe dola 100, na tovuti ndogo inaweza kuzifukuzia miezi mingi. Tena mwaka 2024 ilihama kutoka kulipa zaidi kwa kubonyezwa hadi kulipa kwa kuonyeshwa, na mtu akisikia hivyo anawaza: basi nikionyesha mengi nitalipwa mengi. Lakini kipimo cha kawaida cha watangazaji husema tangazo la picha limeonekana iwapo angalau nusu yake imekaa kwenye skrini kwa sekunde moja. Tangazo la tano chini ya ukurasa ambao wasomaji huacha katikati halimfikii mtu, na bado msimbo wake unapakia na kula bando la mwanafunzi.

Mahali pa kuweka nako kunaathiri idadi. Skrini ya kwanza ya ukurasa siiwekei tangazo lolote. Mtu aliyeuliza "wingi wa ukuta ni nini" apate jibu kwanza: kuta, ngeli ya U-ZI. Tangazo la kwanza lije baada ya jibu, anapoanza kusoma maelezo. Zaidi ya adabu, kuna faida: tangu Januari 2012 Google imekuwa ikizishusha kwenye utafutaji tovuti zinazojaza matangazo juu ya ukurasa, na mwaka 2017 ikaongeza zile zinazomfunika mgeni wa simu kwa matangazo ibukizi pindi tu anapoingia. Ibukizi sizitumii kabisa. Wala siweki tangazo karibu na kitufe cha kupakua maelezo, maana mibonyezo ya bahati mbaya hukatwa kwenye malipo, na ikizidi akaunti yenyewe huwa hatarini.

Halafu kuna lile suala la maandishi kuruka. Tangazo hufika likiwa limechelewa kuliko maandishi, na kama hukulitengea nafasi, linasukuma kila kitu chini. Liwekee sanduku lenye urefu wa chini wa pikseli 250 kwenye msimbo wa ukurasa, liwe tupu hadi tangazo lifike. Ni mstari mmoja tu wa CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa: min-height. Google ina kipimo cha mruko huu, na ukurasa mzuri haupaswi kuzidi 0.1. Kwa tovuti yangu, mstari huo ulisaidia kuliko jambo jingine lolote nililofanya, kwa kuwa hata tangazo moja linaloruka huudhi kuliko mawili yaliyotulia.

Ukitumia matangazo ya otomatiki ya AdSense, ambapo mfumo huchagua wenyewe mahali pa kuweka, punguza idadi ya juu kwenye mipangilio, ongeza umbali kati ya tangazo na tangazo, na uzitoe kurasa fupi kwenye orodha. Kisha pima tena kwa mkono. Mfumo haujui kwamba jedwali la ngeli halipaswi kukatwa katikati.

Na mwalimu mwenzangu, ingia sehemu ya kuzuia makundi ya matangazo. Mimi nimefunga kamari, uchumba na utajiri wa haraka. Mapato yanaweza kushuka kidogo kwa sababu washindani wa nafasi yako wamepungua, nami nilikubali hilo bila kusita. Watoto hawa huja kwetu wakitafuta ngeli.

Ukurasa wa U-I leo una tangazo moja, chini ya jedwali. Insha ndefu zina matatu, ingawa hesabu inaruhusu zaidi. Oktoba, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wanapofurika, ndipo mkono huwasha kuongeza la nne, na ndipo siongezi. Kila mwanzo wa muhula naazima simu ya mwanafunzi, ya bei ndogo na yenye bando lake la kawaida, nafungua kurasa tano zinazosomwa zaidi na kuhesabu sekunde hadi nione jibu. Ukurasa ukipita sekunde tatu, naanza kwa kuondoa tangazo lake la mwisho.