Somo: Umesimamishwa barabarani na askari anataka kupekua gari kutafuta bangi

Wiki hii nimepigiwa simu na madereva sita, wote swali ni moja: "Askari ana haki ya kufungua buti yangu?" Nimelijibu swali hili kwenye steji ya Kisumu, Luanda, Busia, hata msibani. Nimechoka kulijibu kwa vipande, kwa hivyo leo naliandika lote mahali pamoja. Mimi si wakili. Ni dereva wa miaka 17 kwenye barabara ya Kisumu–Busia, na nimewahi kusimama kizimbani kwa bangi isiyokuwa yangu. Mengine hapa nimeyasoma kwenye sheria yenyewe, mengine nimeyalipia.

Hatua ya 1. Simama. Egesha kando, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, mikono ionekane.

Hatua ya 2. Toa leseni ukiitishwa. Usikunje noti ndani yake. Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa pamoja na anayepokea.

Hatua ya 3. Salimia, kisha uliza: "Afande, naomba kujua kosa langu." Asiyevaa sare akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi kabla hajagusa mlango.

Hatua ya 4. Upekuzi. Hapa ndipo wengi wanadanganyana. Ni kweli Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda mwili wako na mali yako zisipekuliwe ovyo. Lakini Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, na kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, zinamruhusu askari kusimamisha gari na kulipekua bila hati ya mahakama akiwa na sababu ya msingi ya kushuku. Kwa hivyo usiilalie buti. Sema mara moja, abiria wasikie: "Afande, sijatoa ruhusa, lakini sikuzuii." Kisha shuka, simama mahali unapoiona mikono yake, na umwombe abiria mmoja asimame nawe. Sheria inamtaka ajitambulishe, aandike alichofanya, na aandike alichochukua. Abiria mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa heshima. Kama hakuna askari wa kike pale, wasubiri aje.

Hatua ya 5. Funga kinywa. Jina lako, leseni yako, basi. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na haki ya kumpigia wakili. Ukiulizwa "huu mzigo ni wa nani?", jibu: "Nitaeleza nikiwa na wakili." Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 4, inapoeleza maana ya kuwa na kitu inagusa kujua: kitu kikiwa mikononi mwa mwingine, wewe huhesabiwi kuwa nacho mpaka iwe ulijua. Ukianza kujitetea pale barabarani, "aliniambia ni dawa ya kienyeji, mimi nikashuku kidogo", tayari umewapa kile walichokuwa wanatafuta.

Hatua ya 6. Karatasi. Wengi hawaiulizii, na mimi ndiyo iliyonimaliza.

Ilikuwa 2018, saa tatu usiku, kwenye kizuizi ambacho sitakitaja. Abiria wa kiti cha nyuma alikuwa amepanda na gunia la omena. Tulipopunguza mwendo alisema anashuka kujisaidia, hakurudi. Ndani ya omena wakatoa vifurushi viwili vilivyozungushiwa selotepu ya kahawia. Askari akaandika orodha juu ya boneti yangu, mwenzake akimmulikia kwa simu. Aliandika mistari miwili. Chini yake karatasi ilikuwa nyeupe hadi mwisho. Akaniambia, "Weka sahihi hapa chini kabisa tumalizane." Nilikuwa natetemeka. Nikaweka. Nilipoiona tena karatasi ile ilikuwa kortini, na ilikuwa na mistari mitano. Vifurushi viwili vilikuwepo, halafu misokoto 60, halafu mizani ndogo, halafu pesa za noti ndogondogo. Mizani ndiyo iliyoniumiza, maana mtu mwenye mizani haonekani mvutaji wala mbebaji, anaonekana muuzaji. Sahihi ilikuwa yangu, sikuweza kuikana. Kesi ilikokotwa miezi 14. Niliachiliwa kwa sababu vitu vilivyofika kwa Mkemia wa Serikali havikulingana na orodha. Miezi hiyo yote gari lilinyeshewa uani mwa kituo, na binti yangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Kwa hivyo soma kila mstari. Kama taa haitoshi, omba msomewe kwa sauti, na abiria wako asikie. Kila kitu kihesabiwe mbele yako na idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Palipobaki patupu, chora mstari mrefu wa mshazari kutoka juu hadi chini, ndipo utie sahihi juu ya mstari huo, kamwe usitie chini ya nafasi tupu. Andika saa kando ya sahihi. Wakikukatalia kusoma, usitie sahihi. Hakuna anayeweza kukulazimisha kukiri chochote. Ukihofia kipigo ukatia, andika mbele ya jina lako "sikusomewa". Omba nakala, au omba kuipiga picha. Na kuhusu uzito: sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inataka sampuli zichukuliwe mbele yako panapowezekana, pamoja na wakili wako kama unaye. Kilo zilizokadiriwa kwa macho barabarani, omba iandikwe kwamba hazikupimwa.

Hatua ya 7. Kituoni, itisha nambari ya OB, yaani daftari la matukio la kituo, uiandike hata kwenye kiganja. Dhamana ya polisi hailipiwi. Ukitoa pesa taslimu za dhamana, itisha risiti, ni pesa zako na zinarudishwa.

Hatua ya 8. Ukidhulumiwa, IPOA, mamlaka huru inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi, wana nambari ya bure, 1559.

MASWALI

Kijana wa Ahero: Mkuu, mimi nikishikwa na msokoto mmoja tu si naweza kuongea na askari yaishe?

Jibu: Soma hatua ya 2. Ukimaliza, irudie. Msokoto mmoja ni kosa. Baada ya marekebisho ya 2022, bangi ya matumizi yako mwenyewe ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000, na ni wewe unayetakiwa kuiridhisha mahakama kwamba ilikuwa yako ya kuvuta. Ukiongeza hongo juu yake una kesi mbili.

Dereva Salgaa: Nimeona video za Marekani. Jamaa anashusha kioo vidole viwili, anasema hakubali upekuzi, polisi wanaondoka. Mbona wewe unatufundisha uoga?

Jibu: Sikufundishi uoga, nakufundisha ulale kwako. Na hata huko mambo hayako hivyo. Mahakama yao ya juu iliamua tangu 1925, kesi ya Carroll, kwamba polisi mwenye sababu ya kutosha anaweza kupekua gari bila hati. Walichonacho ni mipaka. Mwaka 2015, kesi ya Rodriguez, ilisemwa polisi hawezi kukuchelewesha barabarani ili tu mbwa wa kunusa aletwe. Mwaka 2024 mahakama ya juu ya jimbo lao la Illinois ikasema harufu ya bangi iliyochomwa peke yake haitoshi kupekua gari. Miezi michache baadaye ikasema harufu ya bangi mbichi inatosha. Illinois wameihalalisha bangi. Hapa bado. Askari wa Salgaa akisema amenusa, hiyo ndiyo atakayoiita sababu ya msingi. Wewe kumbuka maneno yake na saa aliyoyasema, wakili wako atamuuliza kortini alinusaje bangi iliyofungwa selotepu ndani ya gunia la omena.

Dereva Salgaa: Sawa, hapo nimekupata. Na hiyo mashine ya kupuliza inashika bangi?

Jibu: Hapana, ile ni ya pombe. Lakini sheria ya trafiki inakataza kuendesha ukiwa umelewa pombe au dawa, kwa hivyo usijifiche nyuma ya mashine.

Kiptoo wa Molo: Walinishika Ijumaa jioni, nikafikishwa kortini Jumatatu. Si ni saa 24?

Jibu: Ni saa 24, lakini zikiisha wakati korti imefungwa, muda unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana watu wanasema kamata kamata ya Ijumaa. Cha kufanya ni kuomba dhamana ya polisi Ijumaa hiyohiyo, na mtu wa nyumbani afike kituoni kabla ya giza. Kabla ya kituo, mpigie mtu mmoja, umwambie jina la kituo. Hiyo nayo ni haki yako chini ya Kifungu cha 49.

Nyar Kisumu: Askari aliniambia nifungue simu aone kama nawasiliana na wauzaji. Nilifungua. Nilikosea?

Jibu: Hukufanya dhambi, dada, uliogopa. Siku nyingine sema: "Afande, mawasiliano yangu ni ya faragha, lete amri ya mahakama." Kifungu cha 31 kinataja mawasiliano waziwazi. Usimnyang'anye simu mkononi, sema tu, kisha ukae kimya.

Mama Probox, Kakamega: Baba, mimi nina magari mawili na madereva wawili. Mizigo ndiyo inayonilaza macho. Dereva anapewa boksi steji ya Mumias aifikishe Kisumu, hajui ndani kuna nini. Nifanyeje, na gari langu linaweza kuchukuliwa?

Jibu: Mama, asante kwa kuuliza kabla ya tatizo. Gari lililotumika kubeba linaweza kuzuiliwa kama kielelezo, na mtu akihukumiwa mahakama inaweza kuamuru litaifishwe. Kinachomlinda mwenye gari ni kuonyesha hakujua na alijitahidi kujua. Nunua daftari la kaunta, hata la kurasa 96. Kila mzigo uandikwe jina la mtumaji, nambari ya kitambulisho, simu, kilichomo, na sahihi yake. Boksi lifunguliwe mbele ya mtumaji, dereva aguse hadi chini, kisha wafunge pamoja. Anayekataa kufungua, mzigo wake ubaki steji. Mimi nilipoanza kufanya hivyo nilipoteza wateja wawili, na sikusikitika.

Konda wa Kisian: Naongezea. Wenye matatu wachungulie tairi la akiba linaloning'inia nyuma chini. Asubuhi moja nilikuta mfuko mweusi umebanwa kati ya rimu na bodi, umefungwa kwa waya mpya unaong'aa, na waya wetu wote una kutu. Mtu aliuweka gari likiwa limelala steji.

Jibu: Umesema kweli, huo waya mpya ndio wa kutafuta. Uliufanyia nini mfuko?

Konda wa Kisian: Sikuugusa. Niliita mwenyekiti wa steji na watu wawili, tukapiga picha, tukaenda kuripoti pamoja, tukapewa OB.

Jibu: Safi kabisa. Sikuwa nimeliweka kwenye hatua, naliongeza leo jioni. Mama Probox, waambie vijana wako wakague chini ya zulia la buti pia, palipo na tairi, kabla ya abiria wa kwanza kupanda.

Mama Probox, Kakamega: Kufuli ya buti ya moja imelegea, inafunguka kwa bisibisi.

Jibu: Hiyo ibadilishe kabla ya kununua daftari.