Jinsi ya kuomba takwimu za hewa ya kaboni kutoka kwa kampuni ya vinywaji nchini Kenya

Mwaka 2022 Coca-Cola iliahidi kwamba kufikia 2030 robo ya vinywaji vyake duniani vitauzwa katika chupa na vyombo vya kujazwa tena. Desemba 2024 ikatangaza malengo mapya, na lile la robo halikuwemo. Kwetu sisi tunaobeba kreti ya chupa tupu hadi dukani ndipo tuuziwe soda, hilo si jambo dogo. Ahadi kama hizi, ziwe za chupa au za kupunguza kaboni, zinatuhusu, na tunaweza kuziulizia kisheria.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinampa kila raia wa Kenya haki ya kuomba habari. Wengi hudhani sheria hiyo inabana serikali peke yake. La. Hata kampuni ya kibinafsi imo, ikiwa ina habari zenye uzito kwa umma kwa sababu zinahusu mazingira au afya.

Kazi kubwa ni swali lenyewe. Barua yangu ya kwanza iliuliza, “Mnafanya nini kupunguza kaboni?” Nikaletewa kijitabu chenye picha za wafanyakazi wakipanda miche. Ya pili niliiandika hivi:

“Naomba idadi ya tani za gesi ya kaboni kwa kila mwaka, kuanzia 2019 hadi 2024, zilizotokana na: (a) boila na malori yenu, (b) umeme mlionunua, (c) chupa, mikebe, sukari na friji mlizoweka madukani. Naomba pia kujua mwaka mnaoutumia kama msingi wa kulinganisha, na kama hesabu hizi zilikaguliwa na mtu wa nje.”

Usiliache fungu la (c). Kwa kawaida sehemu kubwa ya kaboni ya soda au bia hutoka nje ya lango la kiwanda: shambani, kwenye tanuri la kuyeyusha kioo, kwenye friji inayonguruma dukani usiku kucha. Kampuni ikiahidi kufikia kaboni sufuri “katika shughuli zetu”, mara nyingi inazungumzia (a) na (b) tu.

Andika kwa Kiswahili ukitaka. Sheria inakubali Kiswahili au Kiingereza. Weka jina, anwani na namna unavyotaka kujibiwa, kisha uielekeze kwa Afisa Mkuu Mtendaji. Kwa kuwa ni kampuni ya kibinafsi, taja haki unayotaka kuilinda kwa habari hizo, kwa mfano haki ya mazingira safi. Kutuma ombi ni bure, ila unaweza kutozwa gharama ya nakala. Peleka barua mbili zinazofanana, na usiondoke kabla ya moja kupigwa muhuri wenye tarehe. Mlinzi akikwambia “iache hapa tu”, msihi kwa upole aite mtu wa ofisini. Muhuri huo utakufaa sana baadaye.

Siku hiyo hiyo andikia NEMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, barua tofauti, ukiomba ripoti za kila mwaka za ukaguzi wa mazingira wa kiwanda hicho.

Sasa hesabu siku. Wana siku 21 tangu kupokea ombi, na wanaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Wakinyamaza muda ukapita, kisheria wamekukatalia. Wakijitetea kwa siri za biashara, wajibu kwamba jumla ya tani haifichui namna kinywaji kinavyotengenezwa, na kwamba sheria inataka maslahi ya umma nayo yapimwe. Waombe wafunike palipo na siri na kukupa kilichobaki.

Bado wakikataa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe upya na Tume ya Utekelezaji wa Haki, CAJ, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman. Ambatisha nakala yenye muhuri na jibu lao, kama lipo.

Takwimu zikifika, ziweke kando ya ripoti yao ya miaka iliyotangulia na uanze na mwaka wa msingi. Ukikuta umebadilishwa, andika barua nyingine kuuliza kwa nini.