Somo: Namna ya kuamua kama mtoto mwenye kipawa afanye mtihani uliozidi darasa lake

Mtoto wa darasa la sita, la saba au la nane ambaye kila mwaka huleta nyumbani matokeo yanayosema kwamba katika hesabu amewazidi wanafunzi 98 au 99 katika kila 100 wa darasa lake, huwafurahisha wazazi wake kwa haki kabisa. Hata hivyo, ukiyatazama matokeo hayo kwa makini, utaona kwamba hayakuelezi mengi. Mtihani wa darasa lake una maswali ya darasa lake tu, na mtoto akishayajibu yote au kubakiza moja, mtihani umeishiwa cha kumuuliza. Ndiyo maana watoto wawili wanaotofautiana sana, mmoja aliyeyamudu barabara mambo ya mwaka huu na mwingine ambaye angeweza kusoma pamoja na wanafunzi wanaomzidi miaka minne, hutoka na karatasi zinazofanana. Wataalamu wa upimaji husema kwamba watoto hao wamegonga dari ya mtihani.

Dari hiyo huondolewa kwa kumpa mtoto mtihani uliotungwa kwa ajili ya wakubwa wake. Julian Stanley, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, ndiye aliyeieneza njia hii nchini Marekani. Mwaka 1972 aliwapa wanafunzi wa darasa la saba na la nane mtihani wa SAT, ambao wanafunzi wa huko huufanya wanapokaribia kumaliza sekondari ili waombe nafasi vyuoni. Watoto waliokuwa wamerundikana kileleni mwa mitihani ya madarasa yao walitawanyika kutoka alama za chini hadi za juu sana, na baadhi yao waliwapita wengi wa vijana waliokuwa wakijiandaa kuingia chuo. Programu nyingi za kusaka vipawa zilizofuata zimejengwa juu ya wazo hilo.

Pamoja na hayo, simshauri kila mzazi wa mtoto hodari akimbilie kumsajili mwanawe. Msimamo wangu ni kwamba mtihani wa namna hii ufanywe pale tu ambapo kuna uamuzi unaoyasubiri matokeo yake.

Hatua ya kwanza: andika uamuzi unaokukabili

Chukua karatasi, uandike kwa sentensi moja ni jambo gani litabadilika nyumbani au shuleni baada ya matokeo kutoka. Huenda shule iko tayari kumruhusu mtoto asome aljebra mwaka mmoja mapema, lakini inataka ushahidi. Huenda kuna programu ya likizo inayodai alama fulani ili kumpokea, au mmekuwa mkijadiliana kuhusu kumrusha darasa na hamjui kama pengo kati yake na wenzake ni la mwaka mmoja au mitatu. Hizo ni sababu za kutosha.

Sentensi ikikataa kuandikika, au ukijikuta unaandika kwamba ungependa tu kujua mtoto ana akili kiasi gani, subiri. Matokeo yasiyo na kazi huishia kuwa sifa ya kutajwa mbele ya jamaa, na mtoto akishaona kwamba anapendwa kwa sababu ya namba, huanza kuogopa kila kitu kinachoweza kuishusha namba hiyo.

Hatua ya pili: hakikisha kwamba dari imegongwa kweli

Kusanya matokeo ya mitihani sanifu, yaani ile inayofanywa na kusahihishwa kwa namna moja kwa wanafunzi wote, ya miaka miwili au mitatu iliyopita. Programu nyingi zimezoea kuweka mpaka kwenye 95, yaani mtoto awe amewazidi wenzake 95 au zaidi katika kila 100, na mpaka huo unafaa kutumiwa hata na mzazi asiyeomba nafasi kwenye programu yoyote. Angalia kila somo peke yake. Mtoto aliye juu sana katika hesabu na wa kawaida katika kusoma bado anastahili kufikiriwa, kwa kuwa wastani wa masomo yote huficha kipawa cha namna hiyo.

Namba za karatasi hazitoshi, kwa hiyo mwangalie pia anavyofikiri. Mpe swali kama hili: ikiwa 3x + 5 = 20, je, 6x + 10 ni ngapi? Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri huitafuta x kwanza, akapata 5, kisha akarudi kuzidisha na kujumlisha hadi 40. Mtoto mwingine, pengine ambaye hajafundishwa aljebra hata kidogo, hulitazama swali kwa sekunde chache na kusema 40, kisha ukimuuliza amefikaje husema kwamba 6x + 10 ni 3x + 5 mara mbili. Mtihani wa darasa lake huwapa wote wawili alama ileile. Huyo wa pili ndiye ambaye mtihani wa wakubwa utakuambia jambo jipya kumhusu, kwa sababu anaweza kujitafutia njia ndani ya maswali ambayo hajawahi kufundishwa.

Hatua ya tatu: chagua mtihani unaolingana na swali lako

Hapa wazazi wengi hukimbilia SAT kwa sababu ya jina lake, ilhali haifai kila mara. Tangu mwaka 2024 mtihani huo hufanywa kwa kompyuta nchini Marekani kama unavyofanywa kwingineko. Una maswali 98, huchukua saa 2 na dakika 14 bila kuhesabu mapumziko, na kila sehemu imegawanywa mara mbili, hivi kwamba ugumu wa nusu ya pili hutegemea mtoto alivyofanya katika nusu ya kwanza. Kwa mtoto wa miaka 12, kukaa kwa muda huo mbele ya vifungu vilivyoandikiwa vijana wa miaka 17 ni kazi nzito, na kwa wa darasa la sita mara nyingi ni kumrusha mbali kupita mahitaji. PSAT 8/9, iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la nane na la tisa, hutosha kumwondolea dari, na alama zake husomwa kwenye mizani moja na SAT ingawa zinaishia 720 kwa kila sehemu badala ya 800. ACT, mtihani mwingine wa kuombea nafasi vyuoni huko Marekani, nayo hutoa alama kutoka 1 hadi 36. Kituo cha vijana wenye vipawa cha Johns Hopkins hutumia mtihani mfupi uitwao SCAT, wenye sehemu mbili za dakika 22 kila moja, ya maneno na ya hesabu, ambao humlinganisha mtoto na wanafunzi wa madarasa ya juu.

Kabla ya kulipa ada, uliza shule au programu husika inakubali matokeo ya mtihani upi, na uliza pia kuhusu msamaha wa ada, kwa maana upo mahali pengi na wazazi wengi hawauombi. Mtoto mwenye ulemavu au tatizo la kusoma, ambaye shuleni huongezewa muda, aombewe nafuu hiyo wiki nyingi kabla ya siku ya mtihani.

Hatua ya nne: zungumza na mtoto kabla ya kumsajili

Mwambie ukweli kwamba mtihani si wa rika lake, kwamba atakutana na maswali mengi asiyoyaweza, na kwamba hilo ndilo linalotarajiwa. Mtoto ambaye hajawahi kukosa swali shuleni asiposikia maneno hayo mapema, anaweza kutoka chumbani akiamini kwamba ameshindwa. Akikataa baada ya kuelewa, muache. Akisema anaogopa lakini anataka kujaribu, mpe jaribio moja la nyumbani, kisha muulizeni pamoja, baba na mama, kama bado anataka.

Maandalizi yaishie hapo. Ajue sura ya maswali, namna ya kutumia kikokotoo kinachoruhusiwa, na kwamba kubahatisha hakumpunguzii alama. Miezi ya masomo ya ziada huharibu kipimo chenyewe, kwani hutajua tena kama umepima fikra za mtoto au juhudi za mwalimu wa kulipwa.

Hatua ya tano: soma matokeo kwa kulinganisha na rika sahihi

Ripoti itamlinganisha na wanafunzi wa sekondari. Tafuta pia ulinganisho na watoto wa darasa lake waliofanya mtihani huohuo, ambao programu za kusaka vipawa huutoa. Utafiti ulioanzishwa na Stanley na kuendelezwa na Camilla Benbow na David Lubinski ulikadiria kwamba kupata 700 katika hesabu za SAT kabla ya kutimiza miaka 13 ni jambo la mtoto mmoja katika 10,000. Usilifanye hilo kuwa lengo.

Maswali ya wazazi na walezi

Mwalimu, binti yangu wa darasa la saba amepata 430 katika hesabu za SAT, na tangu jana analia. Nimwambieje?

Pole, mama. Mwambie kwamba wanafunzi wanaomaliza sekondari hupata kwa wastani mia tano na kitu, na kwamba yeye, bila kufundishwa sehemu kubwa ya mambo yaliyoulizwa, hayuko mbali nao. Kisha kaeni pamoja na ripoti, mtazame ni katika aina zipi za maswali alizofanya vizuri. Kama ni aljebra, mna jambo la kupeleka kwa mwalimu wake.

Ndugu mwalimu, mwanangu alipata alama nzuri sana, lakini shule inasema mtihani huo hauihusu. Tumepoteza fedha zetu?

Hapana, ndugu, ingawa shule hailazimiki kuyakubali matokeo hayo. Yatumie kuanzisha mazungumzo, ila usiyategemee matokeo hayo peke yake. Omba mtoto apewe mtihani wa mwisho wa mwaka wa darasa mnalotaka aingie, kwa mfano ule wa aljebra ya kwanza, na upeleke pia madaftari yake. Walimu wengi hulegeza msimamo wakiona kazi ambayo mtoto ameifanya mbele yao, kwa kuwa wao ndio watakaobeba lawama akisumbuka baadaye.

Je, arudie mtihani mwaka unaofuata ili apandishe alama?

Kama alama ya kwanza imeshajibu swali mliloliandika, hakuna haja. Kurudia kuna maana pale uamuzi mwingine unapojitokeza, au mtoto alipokuwa mgonjwa siku ile.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni bibi ninayemlea mjukuu wa darasa la sita. Shuleni anapata kila kitu, lakini amechoka, anachora tu pembezoni mwa daftari. Nimfanyishe mtihani huu?

Marahaba, bibi. Anza na mwalimu wake wiki hii, kabla ya mtihani wowote. Mwombe amjaribu mjukuu wako kwa zoezi la mwisho wa mada kabla mada haijaanza kufundishwa, na akilipata lote, apewe kazi nyingine badala ya kurudia anayoyajua. Hilo halina ada wala usajili. Mwalimu akikwambia kwamba hajui ampe kazi ya ngazi gani, hapo ndipo mtihani wa wakubwa utakapokuwa na kazi ya kufanya, na kwa umri wake ningeanza na SCAT au PSAT 8/9.