Somo: Kuadhimisha miaka ya daftari lako la vitabu

Wengi wetu katika chama hiki cha wasomaji tunatunza daftari la vitabu. Kitabu kikiisha unaandika jina lake, tarehe na maoni yako, kisha unaendelea na kingine. Miaka inapita, daftari la kwanza linajaa, la pili nalo linafuata. Jambo lililodumu hivyo linastahili sherehe. Keki ipo akipatikana wa kuioka, ila sherehe ya msomaji ni kusoma, na somo hili nimelipanga kwa msingi huo. Anza miezi miwili kabla.

Hatua ya kwanza: tarehe. Tumia siku ya andiko la kwanza. Kama hukuiandika, chukua tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, au 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Aprili Kampala ni mvua, kwa hiyo tafuta mahali penye paa.

Hatua ya pili: soma daftari lote, tangu ukurasa wa kwanza, ukiwa na penseli. Weka alama mahali ulipokisifu kitabu kupita kiasi, ulipokikataa, na ulipoandika sentensi ambayo bado unaipenda. Usifute kitu. Maoni ya zamani ni ya mtu uliyekuwa wakati ule, na huyo naye amealikwa.

Hatua ya tatu ndiyo kiini. Chagua kitabu kimoja kati ya ulivyovitia alama, ukisome upya, kisha uandike hukumu ya pili kando ya ile ya kwanza. Ukikosa cha kuchagua, napendekeza utenzi wa Lawino wa mshairi wetu Okot p'Bitek, maana wengi hapa Uganda tuliusoma shuleni kwa ajili ya mtihani. Aliutunga kwa Kiacholi, akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza ukachapishwa mwaka 1966. Toleo la Kiacholi likatoka 1969. Kwa Kiswahili tunao Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa. Mwanafunzi huona humo ugomvi wa mke na mume: Lawino anayeshikilia mila za Kiacholi, na Ocol aliyesoma akafuata ya Kizungu na kumdharau mkewe. Ukiurudia ukiwa na nyumba yako, na watoto wanaokujibu kwa Kiingereza, swali linageuka: je, mimi ni Lawino au nimekuwa Ocol? Andika jibu lako lote, hata likiwa refu. Hukumu hizo mbili zikikaa pamoja ukurasani, ndipo mtu anapoona miaka imemfanya nini. Hakuna zawadi ya sherehe hii inayozidi hiyo.

Hatua ya nne: kijitabu. Chagua maandiko mafupi kama ishirini, uyapige chapa. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, hivyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne; karatasi nane ni kurasa 32. Karatasi ya gramu 80 inatosha ndani, jalada liwe karatasi nene ya manila. Pini mbili kwenye mkunjo zinashika vizuri. Mafundi wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, wanafanya kazi hii kila siku, lakini omba nakala moja ya majaribio uisome yote kabla hawajachapa nyingine, hasa mpangilio wa kurasa.

Hatua ya tano: kikao. Jumapili alasiri, chai, mandazi, karanga. Kila mgeni aje na kitabu kimoja cha kumpa mwenzake. Wewe soma kwa sauti hukumu zako mbili, kisha waachie wengine nafasi. Hotuba za kukusifu ziwe fupi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Busia: Mwalimu, daftari langu la mwanzo lililiwa na mchwa. Nisherehekee nini?
Pole sana, ndugu yangu. Simama mbele ya rafu yako, andika vitabu unavyokumbuka kuvisoma miaka ile, na kila kimoja umekumbuka nini. Hatua ya tatu unaiweza bila daftari.

Mwanachama wa Jinja: Maoni yangu mengine ni ya Kilusoga, mengine ya Kiswahili, mengine Kiingereza. Nitafsiri yote?
Hapana, dada. Yachape jinsi yalivyo. Ukiona wageni wengi hawajui Kilusoga, eleza kwa mdomo siku ya kikao.

Mwanachama wa Kampala: Naweza kuchapa sura nzima ya kitabu ninachokipenda?
Usifanye hivyo bila ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Okot p'Bitek alifariki 1982, kwa hiyo hata yeye bado. Nukuu mistari michache, taja mwandishi na kitabu, kisha andika yako.

Mwanachama wa Arua: Mama yangu hasomi, lakini ndiye aliyeninunulia vitabu. Atakaa pale akifanya nini?
Mweke mbele. Kabla hujasoma chochote, mwombe asimulie alivyopata pesa za kitabu cha kwanza, na mtu mmoja aandike maneno yake kama anavyoyasema. Yaingie kwenye kijitabu kabla ya maoni yako; kwa hiyo mtembelee mapema, kabla kazi haijaenda kwa mchapaji.